Programu ya Kusomea Makundi Imemficha Mama Mkwe Wangu

Mama Mbuyu wa redio, mpendwa mshauri wetu sisi watu wa Dilala, naomba unisaidie upesi kabla mke wangu hajapanda gari la Tenke na mimba yake, maana akishapanda gari hilo sijui kama nitamwona tena yeye wala mtoto, na kosa langu lote, ukilitazama vizuri, ni kwamba nilimheshimu mama yake kupita kiasi.

Naitwa Stany, ni fundi umeme, nafanya kazi kwa zamu kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba. Mtaani kwetu, katika zile nyumba za zamani za kampuni, kuna mzee mstaafu anaitwa tata Nkongolo, ambaye zamani alikuwa mtu wa kompyuta, na kabla WhatsApp haijafika huku alitutengenezea makundi ya majadiliano ya mtindo wa kale, kila jambo na kundi lake, kundi la maji, kundi la misiba, kundi la kazi, unaandika ujumbe wako, watu wanakujibu chini yake, na majibu nayo yanajibiwa, na mashine inayotunza haya yote iko chini ya kitanda chake na hakuna anayethubutu kumwambia aizime. Mtaa mzima unasoma kwa kufungua ukurasa wake wa mtandaoni. Mimi peke yangu nimeweka programu ya kusomea, ile inayovuta ujumbe wote kwa mara moja wakati rezo, yaani mtandao, ipo, halafu nasoma kule shimoni ambako rezo haifiki, naona nani amemjibu nani, naona nilichosoma na nisichosoma, na mega zangu za intaneti haziishi kwa kupakia picha. Maana ule ukurasa, mama, kila ujumbe unakuja na picha ya aliyeuandika, kubwa, ya uso mtupu, inakutazama.

Sasa sikia. Mama wa mke wangu Falonne, ambaye jina lake sitaliandika hapa, yumo katika kila kundi na anaandika kuliko wote, akilala amelala lakini ujumbe wake unaendelea kuingia. Na kwetu mwanamume aliyeoa hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, halitaji jina lake, mpaka siku mama mwenyewe atakapomfungulia mwiko huo, na maneno ya kumfungulia lazima yatoke kwake yeye mwenyewe, hayabebwi na mdomo wa mtu mwingine. Baba yangu aliwahi kukutana na mama mkwe wake njiani akaruka ndani ya mtaro ili ampishe, na mtaro ulikuwa umejaa maji, na watu walimsifu kwa hilo mpaka siku tunamzika. Sasa mimi mtoto wake nifanyeje na picha ya mama mkwe inayonitazama kila nikitaka kujua kama bomba limefunguliwa?

Hiyo programu haionyeshi picha, lakini jina lilikuwa bado linaonekana, nikaona hata jina ni kumtazama kidogo. Ikatokea kwamba programu ina kichujio, unaandika jina la mtu na mtu huyo anapotea, humwoni tena, na kwa kuwa jina lake siwezi kuliandika nilimwomba jirani yangu Glodi mwenye taxi-moto, ile pikipiki ya abiria, aniandikie. Glodi akaandika huku anacheka. "Stany," akasema, "mama mukwe si kelele ya moteur. Unamuzima namna gani?" Nikamwambia aandike tu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kichujio kile kinaficha pia majibu yote yaliyo chini ya ujumbe wake, na kwa vile nusu ya Dilala kazi yao ni kumjibu yeye, basi mtaa ukawa kimya kabisa. Mama Mbuyu, palikuwa na amani. Nilidhani watu wamepata akili.

Makundi ya tata Nkongolo yana sheria moja ya tangu mikutano ya wastaafu, kwamba ukiulizwa jambo kwa jina na juma likapita hujajibu, umekubali. Kumbe mama wa Falonne aliniuliza kwa jina kama anaweza kuja kukaa kwetu mpaka binti yake ajifungue, juma likapita, nikawa nimekubali bila kujua nimekubali. Jumapili natoka zamu, nakuta taxi-moto mbele ya nyumba, kinu, godoro, jogoo ndani ya kikapu, na yeye mwenyewe amekaa juu ya hayo yote. Niliruka ukuta wa jirani na kofia yangu ya kazini kichwani.

Tangu siku hiyo naishi barazani, upande wa makaa, kwa sababu nyumba yetu huwezi kufika chumbani bila kupita sebuleni, na sebuleni yupo yeye. Naye pia anashika heshima, hawezi kuniita kwa sauti, kwa hiyo akiwa na neno na mimi analiandika kwenye kundi. Yeye upande ule wa ukuta, mimi upande huu, namsikia kabisa anavyobonyeza simu, na mtaa mzima unasoma isipokuwa mimi. Glodi anapita na taxi-moto yake anapiga kelele, "Stany! Munyu imekwisha kwenu!" Bilali mwenye duka ananikabidhi sabuni kabla hatujamaliza salamu, anasema, "Chukua, shemeji, jana walikuomba ukanyamaza." Kazini wananipa pole kwa paa linalovuja la chumba ambacho siwezi kuingia.

Falonne mwanzoni alicheka, sasa amechoka. Juzi alitoka nje ameshika kiuno akaniambia, "Stany, mi siko facteur wenu wa kubeba barua. Mama anakuandikia, bantu bote banasoma, we tu njo hausome. Toa ile programme yako, fungua page sawa benzako. Ukikatala, mi naenda kuzalia ku Tenke kwa mama mudogo, na mutoto atakujua ku photo."

Nikamwambia, "Falonne, mi nitaangalia photo ya mama yako namna gani? Tata yangu aliruka mu mutaro juu ya heshima!"

Akasema, "Tata yako alikuwa na mutaro. We uko na simu."

Halafu akalia, na Falonne si mtu wa kulia. Kuna kitu anataka kusema na hakisemi, ananiambia tu "soma, soma, soma," kama ana wazimu. Mimi nampenda mke wangu, na mtoto huyu tumemngoja tangu harusi. Nambie mama, nitoe programu nirudi kwenye ukurasa kama kila mtu na nitazamane na ile picha, au nibaki na programu yangu nipoteze familia? Na je, kusoma maandishi ya mama mkwe ni sawa na kumtazama? Mchungaji nilimuuliza, akasema atafunga na kuomba, mpaka leo anafunga. Sitatoka hapa barazani mpaka nisikie jibu lako redioni.

Wako katika taabu,
Stany, Dilala

*

Majibu ya Mama Mbuyu, hewani

Stany, mwanangu, nimeisoma barua yako nikacheka mpaka fundi wa sauti akanifungia kipaza. Kisha nikaisoma tena na hasira zikanipanda. Sogeza hicho kiroba cha makaa, ukae vizuri, unisikilize.

Nianze na programu, maana hapo huna kosa na sitaki watu wa Dilala wakuonee. Umechagua vizuri. Mtu anayefanya kazi shimoni anahitaji ujumbe wake ndani ya simu, si ukurasa unaozunguka na kuzunguka mpaka zamu inaisha. Na kuona nani anamjibu nani ni jambo la maana, maana kwenye ule ukurasa kila kitu kimerundikana kwa saa kilipoingia, na nimeona kwa macho yangu mtu ametoa pole ya msiba chini ya tangazo la mashine ya kusaga. Falonne akikwambia utoe programu, mweleze kwa upole. Programu inabaki.

Kinachotoka ni kichujio. Wewe unaniletea hadithi ya marehemu baba yako. Baba yako aliporuka mtaroni, Stany, alikuwa amemwona mama mkwe anakuja! Ndiyo maana akaruka. Alilowa, akatetemeka, na yule mama alijua kwamba mtu mzima amelowa kwa ajili yake. Wewe umelowa wapi? Umekaa umekauka, umemwambia Glodi akuzimie mzazi wa mke wako, halafu unaita heshima. Na usinidanganye, umeandika kwa mkono wako "palikuwa na amani." Nimekusikia ulivyolifurahia neno hilo. Heshima yako iliisha siku ya kwanza, Stany, kilichofuata ni starehe.

Sasa jambo zito. Nimefungua ule ukurasa wa tata Nkongolo hapa studio, uko wazi kwa kila mtu. Mama mkwe wako anaitwa mama Josée, mimi naweza kumtaja, si mkwe wangu. Nimesoma kila alichokuandikia. Ya chumvi yapo, ya paa yapo, ya jogoo yapo mengi mno. Lakini kuna ujumbe mmoja, aliuandika ile Jumapili jioni, baada ya wewe kuruka ukuta. Mtaa mzima umekupongeza chini yake. Tata Nkongolo amekupongeza kwa Kifaransa. Mimi siwezi kuusoma hewani, na wewe ndiye uliyetueleza kwa nini maneno ya namna hiyo hayabebwi na mdomo mwingine. Falonne naye hawezi kukuambia. Ndiyo maana mtoto wa watu anasimama mbele yako ameshika kiuno na kurudia "soma, soma," na wewe unadhani ana wazimu!

Umeelewa sasa? Alikufungulia. Alichinja kuku mle pamoja, akakungoja mezani, na hukuja. Mama mwenyewe hakujua kwamba huoni, na nani angethubutu kumwambia kwamba mkwe amemzima? Alifikiri umekataa. Ujumbe unaofuata huo ninaweza kuusoma, hauna mwiko, na sikiliza vizuri mwanamke huyu anavyosema: "Bakwetu, mukwe amekatala kuku yangu. Pengine mi nilikosa kintu. Mutoto azaliwe kwanza, kisha mi nitarudia kwangu, sitamusumbua tena." Ameuandika huku wewe uko upande wa pili wa ukuta, unamsikia anavyobonyeza. Mimi nina wakwe, Stany, na huo ujumbe umeniuma.

Unaniuliza kama kusoma ni kutazama. Si kutazama. Maneno hayana macho. Na hapo ndipo programu yako inaushinda ule ukurasa, ungekuwa na akili ungeliona zamani, maana haina picha! Unaweza kusoma kila neno la mama Josée bila kuuona uso wake, mpaka utakapofika kwenye ule ujumbe wa Jumapili, na ukishausoma huo unaruhusiwa kuinua macho. Mtu wa ukurasa angekwama, wewe huna cha kukukwamisha. Kwa hiyo mwite Glodi, yeye ndiye aliyeliandika jina, yeye alifute kwenye kichujio. Vuta ujumbe wote. Soma tangu mwanzo, hata ya jogoo. Kisha nunua kuku, Stany, mnono, si aliyekonda wa kutimiza desturi tu, kwa sababu yule wa kwanza ameliwa na majirani na sahani ilirudi tupu. Utampelekea mwenyewe, utakula naye meza moja, na utamwomba msamaha kwa mdomo. Ukimwomba kwa kuandika kwenye kundi, nitakuja Dilala mimi mwenyewe.

Nawe mama Josée, kama unasikiliza, mkwe wako si mwenye kiburi. Ni mjinga tu, na mjinga anafundishika. Usiende popote.

Nilitaka nifungie hapo, lakini ukurasa bado uko wazi mbele yangu na kumeingia kitu sasa hivi. Ngojeni. Ni mama Josée. Ameweka kwenye kundi la vitu vilivyopotea, sijui kwa nini, nadhani ameweka kwenye makundi yote. Stany, huu nausoma, na mwiko utanisamehe.

"Mukwe, uchungu imemushika Falonne. Gari tumeita, iko nakuja. Mi niko muzee, siwezi kumuinua peke yangu. Ingia."

Umesikia? Usimtafute Glodi. Usifungue simu. Hilo neno la mwisho limetoka kwake yeye mwenyewe, na linatosha. Inuka hapo kwenye makaa, pita mlangoni kama mwenye nyumba, mtazame mama usoni, ashike mkono ule wa Falonne na wewe ushike huu. Haya, Stany. Ingia.