Siku Wachezaji Wako Walipotunyima Mpira

Mama yangu,

Jumamosi nimeuona mpira wako kwa macho yangu, na mpaka leo mwili unanisisimka.

Unakumbuka kule kambi ya wakimbizi Uganda, timu yako ya wasichana na ule mpira mmoja? Kiwanja kilipakana na kinamasi. Ukipigwa mbali, ndiyo basi tena. "Pasi fupi! Kaa na mpira!" ulipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mimi nilichukia. Nilitaka twende mbele moja kwa moja, tuwakabe wapinzani hukohuko golini kwao. Tuliporudi Juba nikaanzisha timu yangu hapa mtaani Hai Mauna, nikakuambia mbele ya watu kwamba mpira wako ni wa waoga. Ukafariki kabla sijalifuta neno lile.

Basi Jumamosi wachezaji wako wa zamani wakaja tucheze kwa kukukumbuka. Akina mama wazima! Keji, kiungo wako, siku hizi anauza chai kwenye bandari ya mtoni; alivaa raba za mwanawe. Wasichana wangu wakacheka. Nikawaambia, "Yala, wakabieni juu, msiwape nafasi!"

Mama wee! Wangu hawakuugusa mpira. Keji kwa huyu, huyu kwa yule, mpira unarudi kwa Keji, naye hata hakimbii. Jua linawaka, wangu wanahema, wale wanapiga soga. Nilisahau hata kupiga kelele. Nilisimama mdomo wazi, machozi yananitoka. Tulifungwa mbili bila.

Baadaye nikamweleza Keji lile neno nililokuambia. Akaniuliza:

"Kwani hujui? Mama yako alikuwa anakuja kuangalia timu yako, anajificha nyuma ya maduka. Alituambia, 'Mimi ilikuwa naogopa kupoteza mpira. Huyu mtoto yangu haogopi kitu. Angalia vile wanakimbia!' Alikuwa anapiga makofi peke yake."

Wewe, Mama? Unanishangilia mimi, na hata msamaha sijakuomba?

Naomba sasa. Nisamehe. Keji atakuja Jumanne awafundishe wasichana kutulia na mpira, nami nitapanga mstari pamoja nao, nianze upya na pasi fupi.

Lala salama, Mama.

Ni mimi mwanao, uliyempigia makofi asijue.