Tundu la Kifuniko

Mbuji, Jumanne

Mwenye kosa ni mimi. Bado siamini.

Leo asubuhi, mashine yetu ya kusaga ilipogoma kuwaka kwa siku ya pili, Baba alimfukuza Kaka Osmundi, kijana tuliyemwajiri kuiendesha, akidai ameharibu pampu ya dizeli. Baadaye nililegeza kifuniko cha tangi. Hewa ikavutwa ndani kwa mlio, dizeli ikashuka kwenye injini. Tundu la kifuniko, linaloingiza hewa ili dizeli ishuke, lilikuwa limezibwa kwa sabuni. Nililiziba mwenyewe Jumapili, vumbi la unga lisiingie.

Mashine ikanguruma. Kina mama waliongoja na mahindi wakapiga vigelegele.

"Mnaona? Fundi ni binti yangu!" Baba akawaambia. "Yule Osmundi mharibifu tu."

Nami nikatabasamu. Nilitabasamu kweli!

Kaka Osmundi anaondoka kesho alfajiri. Baba bado yuko barazani, anawasimulia majirani. Natoka kumkatiza.