Nani Amekaa Nyuma Yangu Kwenye Pikipiki ya Marehemu?

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usinicheke, maana dada yangu wa tumbo moja nilipomweleza haya aliniuliza kama nimekula, basi nikaona heri nikuandikie wewe usiyenijua. Mimi ni mwanamke wa makamo, fundi wa pampu za maji, kazi niliyofundishwa na mume wangu, na maisha yetu yote ya ndoa tulikuwa tunakwenda kazini pamoja kwa pikipiki yake, ile kubwa nzito ambayo mtu mmoja hawezi kuisimamisha ikishalala, yeye mbele, mimi nyuma, mkoba wa spana katikati yetu, na watu walishatuzoea hivyo hata wakimwona yeye peke yake wanamuuliza kama nimeugua. Mume wangu alifariki mwaka jana, si kwa ajali, naomba hilo lieleweke, alifariki kitandani kwa ugonjwa wa figo, na pikipiki wakati huo ilikuwa uani imefunikwa turubai, haikumfanya chochote.

Machozi yalipopungua nikaona siwezi kuiacha kazi, na siwezi kumwacha mama mkwe, ambaye ninaishi naye na ana kidonda cha mguu kinachotakiwa kusafishwa zahanati kila baada ya siku mbili tatu, na barabara ya kwetu ni mawe matupu, magari hayapandi, na wale vijana wa pikipiki za kukodi walishamgongesha huo mguu ukutani mpaka akaapa hapandi tena. Nikajifunza kuendesha. Mwalimu wa udereva alinifundisha kwa pikipiki ndogo ya chuo, nikafaulu, nikapewa leseni, akaniambia nina mikono mizuri. Nikaitoa hii kubwa uani. Sikugusa kitu, mshauri, vioo, kiti, springi, vyote viko kama alivyoviacha mwenyewe, maana niliona nikivigusa nitakuwa nimemfuta, na hata kofia ninavaa yake, na jaketi lake la ngozi ingawa mikono yake inanifunika vidole. Siku za mwanzo nilikwenda vizuri, nikiwaza kila tendo, halafu nikazoea, nikaanza hata kujidai njiani.

Halafu ikaja siku ya reli. Geti lilikuwa limefungwa, nikapunguza mwendo, nikasimama vizuri kabisa nyuma ya lori, na baada ya kusimama nikakaa. Nasema nikakaa, mshauri, miguu yote miwili iko juu, imetulia, moyo nao umetulia, nasubiri treni ipite, na pikipiki ikaanza kuinama upande wa kushoto taratibu, naiona kabisa inavyoinama, wala sikushtuka, niliendelea kusubiri, sijui nasubiri nini, mpaka bega langu likagusa lami. Wanaume wawili wakaja kuiinua. Mmoja wao, mzee mwenye kibanda cha magazeti pale getini, alipomaliza kuinua akaenda kuchungulia mtaroni, nikamuuliza anatafuta nini.

"Mwenzio yuko wapi? Ameumia?"

Nikamwambia niko peke yangu. Akanitazama vibaya, kisha akanionyesha vikanyagio vya nyuma, vile vidogo vya abiria vinavyokunjwa, vyote viwili vilikuwa vimeshushwa.

Mimi ninavikunja, mshauri, nakuapia. Kila jioni navikunja kwa mkono wangu, na usiku kucha vinabaki vimekunjwa, kwa sababu nimekwenda kuviangalia alfajiri kabla sijanawa uso. Lakini nikiondoka, nikifika kazini nikashuka, navikuta vimeshushwa, kulia na kushoto, kama vile kuna mtu alikuwa ameweka miguu yake.

Tangu hapo nimeharibikiwa. Kwenye kona nasubiri pikipiki ilale upande wa kona, hailali, inanipeleka moja kwa moja kwenye mtaro, halafu mwisho kabisa inalazwa, na kusema kweli sihisi kama ni mimi ninayeilaza. Hata kwenye barabara iliyonyooka inavutwa kushoto, kila siku kushoto, nairudisha, inakwenda tena. Nimeanguka tena mbele ya kituo cha mafuta, na tena mbele ya shule, kila mara nikiwa nimesimama, kila mara nikiwa nimetulia. Na nikifunga breki ghafla nagongwa kisogoni, kofia kwa kofia, mlio ninaoujua vizuri kwa sababu zamani mimi ndiye niliyekuwa namgonga mume wangu hivyo nikisinzia nyuma yake, naye alikuwa ananiuliza, "Umelala huko?" nami nambana kiuno kumjibu. Wiki iliyopita niligongwa, na kabla sijafikiri maneno yakanitoka mdomoni, nikauliza, "Umelala huko?" Hakuna aliyenijibu. Nililia njia nzima mpaka kioo cha kofia kikawa na ukungu.

Nikamweleza mama mkwe. Nilidhani atalia, au atafurahi kwamba mwanawe amerudi, kwa sababu mimi, nisikufiche, kuna siku nilikuwa nafurahi. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Hakuacha kukunja.

"Mwanangu hajapanda nyuma ya mtu tangu azaliwe," akasema. "Hata baiskeli, aliona heri atembee. Huyo aliyekaa nyuma yako si mwanangu."

Basi nikaingiwa na baridi ambayo haijanitoka. Kama si yeye, ni nani? Na juzi ndiyo nimeona mwisho wake. Nilikuwa napita mchana kweupe kwenye duka la fanicha lenye vioo virefu, nikageuza uso nikaiona pikipiki yetu kwenye kioo inakwenda, na mbele amekaa mume wangu na jaketi lake, mabega yake, kofia yake, na mimi kwa mazoea nikajitafuta nyuma yake. Sikujiona. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nikashuka palepale, nikaisukuma kwa mikono mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo iko chini ya turubai.

Sasa mama mkwe, ambaye tangu siku ya reli sijathubutu kumpakia, amekosa zahanati mara kadhaa. Daktari ameshatuambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kukosa, mguu utakatwa. Yeye anasema atasubiri, lakini naye haisogelei ile pikipiki, na mimi namwonea aibu kumwambia panda, maana kile kiti kina mtu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amesikia, amesema Jumamosi anakuja kuichukua kwa sababu chombo kile si cha mwanamke. Je, nimpe? Au nitafute mtu wa kuiombea? Nimechoka, mshauri, na ninaogopa, na nikisema kweli ninaogopa zaidi kwamba nikiitoa na huyo aliye nyuma atakwenda nayo.

Ni mimi, Fundi Pampu.

---

Fundi Pampu,

Pole kwa kufiwa, na pole tena kwa kubeba hofu hii bila mtu wa kukuambia kaa chini upumue. Pole zimekwisha. Sasa tusemezane.

Wewe ni fundi. Pampu ikikataa kuvuta maji huulizi nani ameingia ndani yake, unafungua unatazama. Lakini pikipiki imekuangusha mara zote hizo na hukujiuliza swali la kwanza kabisa, kwamba miguu yako ilikuwa wapi. Umeniandikia mwenyewe: ilikuwa juu, imetulia. Unaniambia hujui ulikuwa unasubiri nini pale relini. Mimi najua. Ulikuwa unamsubiri mume wako ashushe mguu.

Nimepanda nyuma ya mjomba wangu utoto wangu wote, kwa hiyo naijua kazi hiyo. Abiria mzuri hashushi mguu, akishusha anamyumbisha dereva, na naamini marehemu alikufokea kwa hilo siku za mwanzo mpaka likakuingia. Abiria mzuri hailazi pikipiki kwenye kona, anangoja mwenye usukani aanze kisha anamfuata. Abiria mfupi nyuma ya mwanamume mrefu haoni mbele, anachungulia juu ya bega, na bila shaka wewe ulikuwa unachungulia bega la kushoto, ndiyo maana hata leo unatazama kushoto, na pikipiki inakwenda macho yanakokwenda. Hakuna anayeivuta. Mwalimu wako alifundisha mikono, ikafuzu. Miguu, macho na kiuno havikwenda chuo pamoja na mikono, viko palepale vilipokuwa, kwenye kiti cha nyuma.

Na vikanyagio? Zamani nani alikuwa anavishusha kabla hamjaondoka? Si yeye, yeye alikuwa ameshakaa mbele. Ni wewe, kwa ncha ya kiatu, huku na huku, bila kutazama, mikono ikiwa inafunga mkanda wa kofia. Unajisumbua kuamka alfajiri kuvikagua vikiwa vimelala, na saa ya kuondoka huangalii. Mwambie mama mkwe akae mlangoni utakapoitoa. Akishaona nani anavishusha, atakuambia.

Yeye ndiye aliyekupa jibu, na nyote wawili mkalikimbia. Amesema mwanawe hakuwahi kukaa nyuma. Ni kweli. Basi miaka yote hiyo nyuma alikaa nani? Ni wewe, mama. Unayemhisi mgongoni ni wewe mwenyewe, hujashuka. Na pale kwenye kioo cha duka ulijitafuta nyuma hukujiona kwa sababu ulikuwa mbele. Uliyemwona anaendesha, mwenye yale mabega ya jaketi, alikuwa mkewe.

Lia kwanza kama unalia. Ukimaliza, fanya haya, na usiruke hata moja.

Mwite fundi wa pikipiki alegeze springi za nyuma. Zimekazwa kwa ajili ya watu wawili na mkoba wa vyuma, ukikaa peke yako kiti kinabaki juu na unagusa chini kwa vidole vya miguu tu, hapo hata mwenye akili zake timamu ataanguka. Vioo vigeuze leo, wewe mwenyewe. Vilivyopangwa kwa urefu wa mtu mwingine vinakuonyesha mawingu, na aliyekufa hafutwi kwa kugeuza kioo. Jaketi peleka kwa mshonaji apunguze mikono, vidole vinahitaji kuishika klachi. Kisha isukume uani injini ikiwa imezimwa, izungushe, iegemeze kwenye nyonga yako mpaka uujue uzito wake ukiwa chini, maana hadi sasa unaujua ukiwa umebebwa. Halafu tafuta uwanja mtupu na yule mwalimu, na kazi yenu iwe kusimama tu. Ukikaribia kusimama sema kwa sauti, "Mguu." Watu wakikushangaa, washangae. Kwenye kona sema, "Mimi," kisha uilaze. Kama baada ya haya yote mwili bado unakataa, kuna pikipiki ndogo zinazofika zahanati vilevile, na hakuna aibu hapo. Lakini hiyo iamuliwe na mwalimu akikutazama, isiamuliwe na hofu.

Mama mkwe usimpakie mpaka mwalimu aseme ndiyo. Na katika siku hizo za katikati mguu wake hauwezi kungoja, kwa hiyo shemeji anayeijua njia ya kuja Jumamosi kuchukua pikipiki aje pia siku za zahanati kumpeleka mama yake mzazi, hata kwa kumbeba mgongoni mpaka magari yanapofika. Mwambie hivyohivyo, na kwa heshima zote, akiwa ameshika kikombe cha chai. Pikipiki haendi nayo.

Umebaki na lile la kugongwa kisogoni. Angalia mkoba wa spana umeufunga wapi, kama umekaa juu sana basi ni huo. Kama si huo, mimi sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Najua tu kwamba usigeuke. Anayeendesha akigeuka nyuma anaanguka, awe amepakia mtu au hajapakia.

Siku mwalimu atakapokuruhusu, vishushe vile vikanyagio kwa mkono, ukivitazama, na umweke mama mkwe juu ya kiti hicho, mguu wake mbovu ukiuweka mwenyewe mahali pake. Ondoka polepole. Ni mtu mzima, atasinzia, na pale relini ukifunga breki atakugonga kisogoni. Usishtuke. Shusha mguu wako kwanza, kisha muulize, "Umelala huko?"

Safari hii utajibiwa.