Daktari Aliyesema Hajui

Jumatatu, 3 Februari

Nimepalilia mihogo mpaka jua likanifukuza. Mgongo unauma. Kabla sijanawa mikono wamekuja wanawake wawili, mmoja na mtoto anayeharisha, mmoja na titi lililovimba. Nimewajibu wote. Hapa Dabani hakuna aliyewahi kuniuliza jambo akarudi bila jibu.

Jioni Nabwire alikaa karibu na moto. Ni mtoto wa binti yangu Taaka, ana miaka mitatu. Mwanga ukampiga usoni, jicho la kushoto likang'aa jeupe kama la paka. Nikamgeuza. Likang'aa tena. Sikupenda.

Jumatano, 5 Februari

Tororo, hospitalini. Mimi, Taaka na mtoto. Foleni mpaka nje. Daktari mwenyewe ni kasichana kembamba, shingo kama ya kuku. Amemulika jicho, akamulika tena.

"Mama, hili silijui vizuri. Mimi si daktari wa macho. Mpelekeni kwa wa macho, na msichelewe."

Akaandika karatasi ya kutupeleka hospitali kubwa, safari ya siku nzima. Nimemuuliza kwa sauti, foleni yote isikie, serikali inamlisha ya nini kama hajui. Hakukasirika. Amerudia tu kwamba tusichelewe. Taaka alitazama chini. Njia nzima nimenung'unika. Daktari gani huyo? Mimi sijasoma na bado najibu watu.

Jumamosi, 8 Februari

Taaka alitaka tuifuate ile karatasi. Nimemwambia akili yake imekaa miguuni. Nimewapeleka Busia, kwa daktari wa karibu na yanapoegeshwa malori. Kibao chake kinataja macho, meno, presha, sukari, uzazi, mifupa. Hata Wakenya wanavuka mpaka kuja kwake. Mtu mnene, koti jeupe limepigwa pasi. Alitazama mara moja tu. Uchafu umeingia, akasema, na minyoo inachangia. Sindano na dawa ya matone. Huyo ndiye daktari. Ukutani ana karatasi nyingi ndani ya fremu. Kizungu sijui, lakini fremu ni nzuri.

Taaka alininong'oneza tumuulize macho aliyasomea wapi. Nimemfinya paja.

Ijumaa, 21 Februari

Matone, matone. Nabwire akiona chupa anakimbilia nyuma ya choo. Jicho limeanza kwenda upande wa pua. Nimerudi Busia. Daktari amesema hiyo ni dawa inafanya kazi. Amenipa chupa nyingine, ya njano.

Taaka hasemi nami. Anapika, anaweka, anaondoka. Sawa. Na anune.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Jicho ni jekundu, limevimba, linasukumwa nje. Mtoto analia ameshika kichwa. Nimefunika jicho la kulia, lililo zima, kwa kiganja, nikashika ndizi mbele ya lile bovu. Hakunyoosha mkono. Aliitafuta kwa kunusa.

Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Busia asubuhi. Mlango una kufuli, kibao kimeng'olewa. Mama wa chapati wa pale jirani amenieleza. Watu wa wilaya walikuja kumtaka cheti cha baraza la madaktari. Akawaambia wangoje akilete, akatokea mlango wa nyuma, wanangoja mpaka leo. Mama wa chapati akacheka. Mimi sikucheka.

Kumbe alisomea kupima damu ya malaria. Hicho alikijua kweli, anasema huyo mama. Angebaki hapo angekuwa mtu. Na karatasi za zile fremu zilikuwa za kuhudhuria semina.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Taaka atafute karatasi ya Tororo. Alikuwa ameikunja vizuri ndani ya Biblia siku ile ile tuliyopewa. Alinipa mkononi, akaenda kufunga mizigo. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali kubwa. Daktari wa macho ni mzee, anaongea polepole. Saratani ya jicho. Huwapata watoto wadogo. Jicho litatolewa.

"Mngekuja mapema, mama, huenda tungejaribu kuliokoa. Sasa tunamwokoa mtoto."

Ndipo nikamuuliza nililokataa yule wa Busia aulizwe. "Macho alikufundisha nani?"

Taaka alinishika mkono kwa aibu. Mzee hakuchukia. Alivuta kiti. Kwanza alisoma udaktari wa mwili mzima, akafanya kazi. Akarudi shule miaka mingine, macho peke yake. Wakubwa wa macho wakamtahini. Ndipo baraza likaliandika jina lake kuwa ni daktari wa macho, na kila mwaka lazima aombe ruhusa upya. Akiumwa moyo, na yeye anapanga foleni kwa wa moyo. Nikamuuliza habari za kasichana ka Tororo. Akasema ni daktari kamili, na alichoandika kilikuwa sawa kila neno.

Mama mkwe wangu aliunga mifupa. Ukimpelekea tumbo alikuwa anakufukuza uwanjani, yeye ni wa mifupa, mifupa alifundishwa na shangazi yake. Tulimheshimu kwa hilo. Nilikuwa nalijua jambo hili tangu nimeolewa. Mbuzi nikinunua naulizia mama yake ni yupi. Jicho la mjukuu wangu nimempa mtu kwa sababu ya fremu.

Jumanne, 18 Machi

Wamelitoa. Bandeji imefunika nusu ya uso. Alipoamka aliniita, "Kukhu," bibi yake, mimi. Hakumwita mama yake. Nilitoka nje.

Dawa kali zitafuata. Nimemuuliza mzee kama ugonjwa umeenea. Amesema bado hajui. Nimemshukuru.

Jumamosi, 26 Aprili

Tuko nyumbani mpaka zamu ijayo ya dawa. Nywele zimemwisha Nabwire. Anagonga bega la kushoto kwenye mlango, anausema mlango. Hiyo ni damu yangu.

Leo amekuja mwanamke na mtoto anayetoka usaha sikioni. Nimemwambia sijui. Alibaki amesimama, akidhani sijasikia. Nikarudia. Nimemwambia aende Tororo amtafute daktari msichana, mwembamba, atamwambia sikio ni la daktari gani. Taaka alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama kidogo, kisha akaendelea.

Mvua imenyesha. Nimekaa na Nabwire kizingitini, kushoto kwake. Upande huo haoni, anashtuka ukimgusa. Siku hizi nakohoa kwanza.