Majembe Ndani ya Kioo

Mbeya, Jumamosi.

Ati matembezi. Nimetoka Tunduma kuja kumwona mjukuu, mwanangu kanipeleka kutazama majembe! Mzungu mmoja ameyafungia kwenye kabati la kioo, bandani nyuma ya bustani yake. Bustani yenyewe maua matupu, hata jani la boga la kuchuma hamna. Ustaarabu huo.

Huyo mjukuu hashikwi na mtu, anakaa mgongoni kwa mama yake tu. Na kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani. Tangu nifike nasikia kilio nyuma ya ukuta. Niliogopa nitarudi bila kuiona hata pua yake.

Leo bandani mkamwana akanipa mgongo, kama mila inavyotaka. Nami nikampa wangu, nikalielekea kabati. Loo! Kioo kikanionyesha mtoto mgongoni kwa mama yake, katikati ya majembe, ananikodolea macho. Pua ni yangu, maskini. Nikamtolea ulimi. Akacheka.

Mlinzi akang'aka, "Mzee, unalitolea ulimi jembe la Bwana?"

"Nalisalimu. Tumezeeka pamoja."

Jioni mwanangu kauliza, "Baba, kesho nikupeleke wapi?"

Nimemwambia kwenye majembe. Sijayamaliza.