Isdori na msiba wa kauboi

“Nirudishie unga wangu,” Mama Kabula anamfokea jirani yake Isdori, yule wa banda la video, mbele ya watu wote.

Faith, sina mbavu. Isdori kafunga turubai, kakaa kwenye mkeka analia. Mtaa mzima wa Milanzi ukaleta kuni, maharage na unga wa msiba. Kumbe aliyekufa ni Dani Holbati, staa wa zile filamu za kauboi za zamani.

KAUBOI, Faith.

“Ni ndugu yako?” Mama Kabula anamuuliza.

“Filamu zake zimenilisha, mama. Kacheza hadi uzeeni, kaoa mara nne, kafa peke yake. Nani atamlilia?”

Mama Kabula akabeba beseni lake la unga, akafika mlangoni kwake, akageuka.

“Wewe mfiwa, utajipikiaje? Njoo ndani ule.”