Alama za Penseli za Bibi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile bega la kushoto ulilolilalamikia kwenye simu limepoa. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo ila hataki kusikia habari za hospitali. Bibi anakula vizuri, vidole tu ndivyo vimegoma, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano, naye ananikosoa kabla sijamaliza. Nimeingia kidato cha tatu, na bado najifunza fidla kwenye chuo cha muziki kila Jumamosi.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Nina hasira, na mwalimu wetu wa insha anasema mwenye hasira aandike polepole, basi najitahidi.

Mwezi ujao chuo kinafungua chumba cha maonyesho ya maisha yako. Wameweka gauni la onyesho lako la kwanza, santuri zako zote, picha za kumbi ulizopiga, na kijitabu. Ukurasa wa kwanza unasema ulifika chuoni una miaka kumi na mitano, hujui hata kushika upinde, na kwamba Mkuu wa Chuo wa wakati ule ndiye aliyekutoa kwenye sifuri. Bibi ametajwa mara moja, kwamba mama yako alikuwa fundi cherehani. Basi.

Nilimsomea Bibi pale jikoni. Aliniuliza kama wameandika gauni lilishonwa na nani. Hawakuandika.

Shangazi, nyumbani kwetu nani asiyejua? Bibi alipiga fidla miaka tisa kwenye kiti cha mwisho cha okestra ya mji, karibu na mlango wa choo kama anavyosema mwenyewe, na alianza kukufundisha ukiwa na miaka sita, nyuma ya duka lake. Alikufunga uzi kutoka kiwiko mpaka mguu wa cherehani ili mkono usiyumbe, na ukikatika, unaanza upya. Alichora chaki ya kitambaa kwenye shingo ya fidla ujue pa kuweka vidole. Hiyo ndiyo sifuri?

Nilikwenda kwa Mratibu wa maonyesho. Alinisikiliza huku akipangusa vioo vya picha, akaniambia kila mtu mashuhuri ana mama wa namna hiyo, kama nina maandishi niyalete. Nilipobisha, akasema kijitabu kilitumwa kwako, ukakisoma, ukakirudisha na saini bila kubadili neno. Nikamwambia haiwezekani. Akafungua faili akanionyesha. Mkia wa saini yako naujua, uko kwenye kadi zangu zote za kuzaliwa.

Nimekaa na jambo hilo wiki mbili. Ningekusema vibaya zaidi ya hapa, ila nami nina langu, na bila kulisema barua hii itakuwa ya kinafiki.

Maandishi yalikuwepo. Unajua sheria ya maktaba ya nota: ukishapiga, unafuta alama zako za penseli kabla ya kurudisha karatasi. Zile ulizoazima kwa onyesho lako la kwanza hazikuwahi kufutwa. Miezi mitatu iliyopita Mkutubi alinipa raba na bunda la karatasi zilizochaguliwa kuwekwa kwenye kabati la kioo, akataka ziwe safi. Nilipofika kwenye zako nikaona pembeni pameandikwa "kata uzi" kila pahali pa kuinua upinde, na "piga bandi" pahali pa kupiga nota fupi fupi. Nani mwingine anafundisha fidla kwa maneno ya cherehani? Niliujua mwandiko wa Bibi palepale. Nikafuta. Kiti kimoja kilikuwa wazi kwenye okestra ya vijana, na Mkutubi ni mmoja wa wanaochagua. Alizisifu karatasi zangu mbele ya wote, na kiti nikakipata.

Juzi nilimwambia Bibi. Aliuliza nilitumia raba laini au ngumu, maana ngumu huchana karatasi kuukuu. Nikasema laini. Akasema afadhali. Nikamwomba anitajie zile alama niziandike tena, akakataa, akasema hizo zitakuwa za leo, na uongo uliopo unatosha.

Kwa Mkutubi nimekwenda pia. Nimemweleza yote na kiti nimekirudisha. Mimi nilifuta ili nikae mbele. Wewe ulikuwa mbele tayari, Shangazi, ndiyo maana sielewi.

Siku ya ufunguzi utapiga, na mimi ndiye niliyechaguliwa kupanda jukwaani kukupa maua. Kadi ya mwaliko ya Bibi ninayo, atakuwa safu ya tatu. Tafadhali, kabla hujaweka fidla begani, sema nani alikufundisha. Ukisema, nitakuletea maua kwa mikono miwili na kupiga goti. Usiposema, nitashuka nayo mpaka safu ya tatu. Nimeshahesabu ngazi, ni tano.

Naamini utasema.

Baba anakusalimu. Bibi naye anakusalimu sana na anauliza kama unalala vya kutosha. Hajui kwamba nimekuandikia.

Mtiifu wako, ingawa leo kwa shida,
Mtoto wa kaka yako